Aarakshan: filamu iliyouliza swali kubwa, kisha ikalikimbia



Leo sitaandika juu ya mbegu wala juu ya bei ya mbolea. Nataka kuongea juu ya filamu moja ya Wahindi, na juu ya kosa langu mwenyewe. Hayo mambo mawili yanaenda pamoja, mutaona.

Wengi wenu mulikuwa mu ule mkutano wa mafunzo ya kuzalisha mbegu. Tulikuwa na nafasi 20. Mama mmoja wa komite alipendekeza tuweke pembeni nafasi 3 kwa vijana Batwa wa vijiji vinavyopakana na pori ya Kahuzi-Biega, wenye diploma ya Leta, bila kuwapitisha mu mtihani wa kuandika. Mimi njo nilisimama kupinga. Nilisema mbegu haiulizi ni mkono wa nani umeipanda, basi tufanye mtihani, mwenye kuweza apite. Wengine mulipiga makofi. Pendekezo likaanguka. Nafasi zote 20 zikaenda kwa mtihani, na hakuna Mutwa hata mmoja aliyeingia.

Kitu ambacho sikuwaambia: kulikuwa kijana mmoja Mutwa kwenye mlango. Alikuwa amekuja kusikiliza tu. Nilipomaliza kuongea, na makofi ikiendelea, alivaa kofia yake akatoka. Nilimuona, nikajifanya sikumuona.

Jioni, mwenzangu mmoja wa promosheni akaniambia: «Yaya, unaongea sawa we njo mtu wa kwanza duniani kuwaza ile maneno. Wahindi wameibishania zaidi ya miaka 100. Tafuta Aarakshan, uiangalie, kisha uje tuongee.» Niliitafuta. Nikaiangalia mara mbili. Haya njo maoni yangu.

Filamu yenyewe

Aarakshan ilitoka Agosti 2011. Aliyeitengeneza ni Prakash Jha. Jina lenyewe, kwa Kihindi, maana yake ni kuweka akiba, kutenga nafasi. Njo jina wanaloitia kota za kasta mu masomo na mu kazi ya Leta. Amitabh Bachchan anacheza Prabhakar Anand, mkubwa wa chuo kimoja cha mji wa Bhopal, mzee wa kanuni, anayeheshimiwa na mji mzima. Saif Ali Khan anacheza Deepak Kumar, kijana Dalit, ni kusema mtu wa zile kasta ambazo zamani watu hawakukubali hata kuzigusa. Deepak ni mwenye akili sana, na Prabhakar amemusaidia tangu zamani. Deepika Padukone ni binti wa mkubwa wa chuo, na Deepak na yeye wanapendana. Prateik Babbar ni Sushant, rafiki yao wa kasta ya juu. Manoj Bajpayee ni Mithilesh Singh, makamu wa mkubwa, mwenye kufanya biashara ya masomo ya pembeni kwa watoto wa matajiri.

Nusu ya kwanza ni kali. Filamu inaanza na Deepak akienda kuomba kazi ya ualimu. Ana karatasi zote. Lakini wale wanaomuhoji hawamuulizi juu ya somo lake. Wanamuuliza juu ya jina lake, juu ya familia yake, ametoka wapi. Kila mtu aliyeisha kupita mu mahojiano ya kazi huku kwetu anaijua ile sauti. Inakuja kwa adabu, na inakukata.

Kisha inakuja hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2008. Tarehe 10 Aprili mwaka huo, mahakama ilikubali kwamba vyuo vya serikali ya shirikisho vitenge asilimia 27 ya nafasi kwa zile kasta zinazoitwa «tabaka zingine zilizobaki nyuma». Mu filamu, chuo kinapasuka. Wale waliokula pamoja jana wanatengana leo. Deepak na Sushant wanatupiana maneno ambayo rafiki hasahau. Sushant anaona ameibiwa nafasi yake. Deepak anamujibu kwamba mababu zake Deepak ndio walibeba mizigo na kusafisha uchafu wakati mababu za Sushant walikuwa wanasoma. Na Prabhakar, mzee wa haki, anawakemea wote wawili sawasawa, sawa watoto waliopigania mupira.

Hapo nilisimamisha filamu, juu nilisikia sauti yangu mwenyewe ya ule mkutano. Nilikuwa naongea sawa Sushant, tena nikijifikiri ni Prabhakar.

Historia ambayo filamu haikueleza

Kosa la kwanza la filamu ni hili: mtu anayeitazama anaweza kufikiri hii maneno ilianza na hukumu ya 2008, sawa vile wanasiasa waliamka siku moja wakagawa nafasi ili wapate kura. Haiko hivyo. Acha nieleze kidogo, juu bila historia hakuna mwenye kuelewa juu ya nini watu wanalia.

Kota ya kwanza inayojulikana sana haikutoka kwa Waingereza wala kwa chama cha siasa. Ilitoka kwa mfalme. Tarehe 26 Julai 1902, Shahu, mfalme wa Kolhapur, alitoa amri kwamba nusu ya kazi zitakazokuwa wazi mu utawala wake zipewe watu wa tabaka zilizobaki nyuma. Juu ya nini? Juu kazi kubwa za utawala wake zilikuwa karibu zote mikononi mwa Wabrahmini, na yeye mwenyewe, pamoja na ufalme wake wote, Wabrahmini walimuhesabia kuwa mtu wa kasta ya chini. Mysore na Madras walifuata mu miaka ya 1920. Kwa hiyo wakati India inapata uhuru 1947, kusini mwa nchi walikuwa tayari wameisha kuzoea kota kwa zaidi ya miaka 20.

Kisha kuna mtu mmoja ambaye bila yeye hakuna cha kuongea: B. R. Ambedkar. Alizaliwa 1891 mu kasta ya Mahar. Kwenye shule alikuwa anakaa pembeni juu ya gunia lake mwenyewe, na hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Mpaka mfanyakazi wa shule amumiminie kutoka juu. Siku yule mfanyakazi hayuko, hakuna maji. Mfalme wa Baroda alimulipia masomo, akaenda kusoma Columbia kule New York, na baadaye London. Akarudi, akapewa kazi mu ofisi kule Baroda. Unajua alilala wapi? Hakuna aliyekubali kumupangisha nyumba. Aliingia mu nyumba ya wageni ya Waparsi kwa kuficha yeye ni nani, na walipojua wakamufukuza. Fikiria: mtu aliyesoma ng'ambo, anakaa chini ya muti na masanduku yake.

Wenye kusema «masomo itamaliza ubaguzi yenyewe», wasome maisha ya huyu papa.

Mwaka 1932 Waingereza walitaka kuwapa watu wa kasta za chini uchaguzi wao wa pekee. Gandhi alikuwa mu gereza ya Yerwada, akafunga kula kwa kupinga. Ambedkar akalazimika kukubali mapatano ya Poona, tarehe 24 Septemba 1932: waliacha uchaguzi wa pekee, wakapata viti 148 vilivyotengwa mu mabunge ya majimbo, badala ya 71. Mpaka leo Dalit wengi wanaona kwamba ile siku Ambedkar alikabwa shingo, juu angemukatalia na Gandhi afe, watu wake wangechinjwa mu vijiji. Mwaka 1943, akiwa mu serikali ya Waingereza, kazi za Leta zikatengwa asilimia 8.33 kwa watu wake. Na baada ya uhuru, yeye njo alisimamia komite iliyoandika rasimu ya katiba, iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950. Kifungu cha 17 kinafuta ubaguzi wa kutogusana. Kifungu cha 16 kinaruhusu Leta kutenga kazi.

Mwaka uliofuata tu, kesi. Mama mmoja wa kasta ya Brahmini, Champakam Dorairajan, alishitaki kota za Madras kwamba zinamufungia njia ya kusoma udaktari. Mahakama Kuu ilimupa haki 1951. Baadaye ikajulikana hata hakuwa ameomba nafasi kwenye kile chuo. Bunge likabadilisha katiba mwaka ule ule, mara ya kwanza kabisa, ili kota za masomo ziendelee. Kwa hiyo badiliko la kwanza la katiba ya India lilitokana, kwa sehemu, na hii vita.

Leo, kwa kazi na vyuo vya shirikisho, hesabu ni hivi: asilimia 15 kwa kasta zilizoorodheshwa, njo Dalit, 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa; 27 kwa tabaka zingine zilizobaki nyuma. Hiyo 27 ilipendekezwa na komisheni ya Mandal mu 1980, ikalala mu kabati miaka 10, mpaka waziri mkuu V. P. Singh alipoitangaza tarehe 7 Agosti 1990. Wanafunzi wa kasta za juu wakaingia barabarani. Wengine, kwa huzuni kubwa, walijiwasha moto. Tarehe 16 Novemba 1992 mahakama ikaamua: 27 inakubaliwa, lakini kota zote pamoja zisipite nusu, na watoto wa matajiri ndani ya zile tabaka, wanaoitwa «utandu wa juu wa maziwa», watolewe.

Kumbukeni hii neno ya utandu. Nitairudilia.

Pale filamu inapokimbia

Sasa, nusu ya pili. Prabhakar anasema neno moja mbele ya mwandishi wa habari, gazeti linalitoa, wakubwa wa chuo wanakasirika, anaacha kazi. Nyumba yake inachukuliwa na biashara ya Mithilesh, inakuwa mahali pa masomo ya pembeni. Mzee anahamia upande wa pili wa barabara, mu zizi la ngombe, anaanza kufundisha watoto maskini bila malipo. Deepak anarudi kutoka ng'ambo, Sushant naye anarudi, wanapatana, wote wanafundisha mu zizi.

Kama mtu wa kilimo, nilifurahi kuona ngombe. Lakini mniambie: kota iko wapi?

Imepotea. Kwa saa nzima hatuisikii tena. Adui sasa ni Mithilesh na biashara yake. Na biashara yenyewe ni ya kweli, sikatai. Kule Rajasthan kuna mji mzima unaojulikana kwa hayo masomo ya pembeni, na, muniamini, unaitwa Kota. Lakini hilo lilikuwa swali lingine. Filamu iliuliza: je, ni haki kumutengea nafasi mtoto wa aliyekandamizwa? Jibu lake: watoto wote maskini, wa kasta zote, wapewe mwalimu muzuri bure, na kila kitu kitapona. Tamu kwa kusikia. Hata mimi ningepiga makofi. Lakini yule Deepak wa mwanzo, aliyekataliwa kazi, hakukosa mwalimu muzuri. Alikuwa nao. Alikuwa wa kwanza mu darasa. Walimukataa juu ya jina.

Hapo njo uzi unakatika. Zizi haliwezi kujibu ile meza ya mahojiano. Watoto wa zizi watapita mtihani, ndiyo, na siku moja watakaa mbele ya ile meza, na wataulizwa jina la baba.

Kosa la pili: nani anaokoa? Si Deepak. Anayefikiri, anayeteseka, anayeongoza, ni Prabhakar. Mu mwisho, buldoza inakuja kubomoa zizi, watu wanasimama mbele yake, na anayeisimamisha ni mama mkubwa aliyeanzisha chuo, Hema Malini, anayetoka mu maisha yake ya sala na kuita wakubwa wa serikali. Ni kusema: haki ya maskini inaletwa na telefoni ya mtu mkubwa. Mu filamu inayoitwa «kutenga nafasi», Dalit mwenyewe hakutengewa nafasi ya kuongoza hadithi. Na hata wakati filamu inatoka, watu wa India waliuliza juu ya nini Dalit achezwe na Saif Ali Khan, mwana wa ukoo wa manawabu wa Pataudi. Anacheza vizuri, sikatai. Lakini swali linabaki.

Kosa la tatu ni woga. Lakini hapa nitakuwa mpole, juu woga wao ulikuwa na sababu. Kabla hata watu hawajaiangalia, majimbo ya Uttar Pradesh, Punjab na Andhra Pradesh yaliikataza. Mahakama Kuu njo iliondoa katazo la Uttar Pradesh. Wengine walisema inatukana Dalit, wengine walisema inatukana kasta za juu. Ukiogopa pande zote mbili, unaishia kufanya filamu juu ya ngombe.

Lakini «anayeweza» ni nani?

Nirudi kwa hoja yangu ya mkutano: mtihani, mwenye kuweza apite.

Tuliosoma kilimo tunajua kitu kimoja. Ukitaka kulinganisha aina mbili za maharagi, huwezi kupanda moja kwenye bonde lenye rutuba na nyingine juu ya mlima uliooshwa na mvua, kisha useme: hii ya bonde njo muzuri. Prof atakutupia karatasi usoni. Njo maana tunagawa shamba mu mabloki: kila bloki udongo wake unafanana, na aina zote zinapandwa ndani ya kila bloki. Hatufanyi hivyo kwa huruma ya maharagi. Tunafanya juu bila hivyo matokeo ni uongo.

Na mimi, mwenye lisanse ya agronomia, nilisimama mbele yenu nikasema mbegu haiulizi mkono. Sawa, haiulizi. Lakini inauliza udongo. Yule kijana wa mlangoni, wazee wake walitolewa mu pori mu miaka ya 1970 wakati wa kutengeneza parki, bila shamba, wakawa wafanyakazi wa siku mu mashamba ya wengine. Alifika mpaka diploma ya Leta kutoka ule udongo. Mimi nilifika na baba mwalimu. Ule mtihani wetu ulipima nini?

Na wale wenye kusema kota inaharibu kazi: Wahindi hawakubaki mu maneno, walipima. Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf walichunguza reli ya India, kampuni kubwa sana ya Leta, kwa takwimu za 1980 hadi 2002. Hawakuona kwamba wafanyakazi walioingia kwa kota walipunguza kazi. Na Sukhadeo Thorat na Paul Attewell walituma barua za kuomba kazi kwa makampuni ya watu binafsi, karatasi za masomo zinalingana, jina tu linabadilika: la kasta ya juu, au la Dalit. Wenye jina la Dalit waliitwa mara chache zaidi. Barua haina sura, haina harufu. Jina tu lilitosha. Tena zile kampuni hazina kota mpaka leo; kota ya India inasimama kwenye mlango wa Leta.

Mapungufu ya kota yenyewe

Sitaki mufikiri nimegeuka muhubiri wa kota. Filamu ingekuwa na ujasiri, ingeonyesha mashimo yake pia, maana yapo.

La kwanza ni ule utandu wa maziwa. Ndani ya kila kundi, wenye nguvu kidogo njo wanafika wa kwanza kwenye nafasi, na watoto wao wanafuata. Kasta ndogo kabisa zinabaki zinaangalia. Wahindi wamebishana mpaka tarehe 1 Agosti 2024, wakati mahakama, majaji 6 kwa 1, iliruhusu majimbo kugawa kota ya Dalit ndani kwa ndani, ili walio chini zaidi wapate yao.

La pili: watu wa kasta za juu wamejifunza kuitaka pia. Januari 2019, bunge lilitenga asilimia 10 kwa maskini ambao hawamo mu zile kota zingine, ni kusema maskini wa kasta za juu. Mahakama iliikubali Novemba 2022, majaji 3 kwa 2. Ajabu, wengi waliosema miaka yote kwamba kota inaua akili, ile siku hawakusema kitu.

La tatu ni ardhi. Dalit wengi wa vijijini ni vibarua mu mashamba ya wengine. Unaweza kumupa mtoto mmoja kiti mu ofisi, na kijiji kizima kinabaki bila hata kipande cha shamba. Sisi wa kilimo tuliseme hili bila haya.

Na kuna uongo mmoja niusahihishe, juu nimeusikia hata kwa ma-prof: eti Ambedkar aliweka kota kwa miaka 10 tu, wanasiasa wakaiongeza. Ile miaka 10 ilikuwa ya viti vya bunge. Kwa kazi na masomo, katiba haikuweka mwisho.

Wengine watasema: «Hata huku kwetu tuliona kota, ikaleta nini?» Ni kweli, wazee wanakumbuka wakati wa Zaïre, kuingia unif kulitegemea mkoa wako. Na jirani zetu Burundi, katiba ya 2005 iliweka 60 kwa 40 mu bunge. Lakini hizo zilikuwa hesabu za kugawana utawala kati ya makundi yenye kushindana. Kota ya India, mu mzizi wake, ilikuwa ya mtu aliyekatazwa kunywa maji. Tusichanganye dawa mbili juu chupa zinafanana.

Kwa hiyo?

Aarakshan iangalieni. Nusu ya kwanza inastahili muda wenu, hasa ile meza ya mahojiano na ule ugomvi mu chuo. Mukifika kwenye zizi, endeleeni kujiuliza: kota iko wapi? Na mwisho wenye telefoni musiuamini.

Kwa upande wangu, nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za Bambuti na Batwa. Sisi ma-lisansie tunapenda kuihesabu kati ya kazi za Leta. Lakini ule mkutano haukuwa wa Leta. Ulikuwa wetu, nafasi zilikuwa zetu, na aliyezifunga ni mimi.

Nimemuandikia mama wa komite. Nimeomba pendekezo lake lirudi kwenye mkutano ujao, kwa mafunzo yajayo, na mimi mwenyewe njo nitalisoma. Nafasi 3, diploma ya Leta, na mtu wa kuwafuatilia kwa miezi ya kwanza, juu kumuingiza mtu kisha kumuacha pekee pia ni njia ya kumufukuza. Na tuchunge utandu: zisiende kwa watoto wa chefu mmoja.

Wenye kupinga, mupinge. Nitawasikiliza, juu nilikuwa mmoja wenu. Ila ninaomba kitu kimoja. Kabla ya kusema «mwenye kuweza apite», tuende kwanza mpaka kile kijiji, tuangalie udongo. Ninaenda Jumamosi. Nani ananifuata?